Lori Hujaliona, Pesa Washachukua



Wiki jana kijana mmoja wa Mikindani alikuja ofisini na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na cheti chenye muhuri mkubwa mwekundu, picha yake akiwa ameegemea mlango wa trela, na karatasi ya kusema amehitimu udereva wa malori makubwa. Alikuwa ameshazunguka yadi saba na bahasha hiyo, kuanzia Changamwe mpaka Miritini. Yadi ya kwanza wakamwambia leta leseni, cheti kaa nacho. Ya pili wakaitizama leseni wakacheka, manake ilikuwa ya gari dogo. Ya tatu alimkuta mzee mmoja mwenye huruma, akampa ufunguo akamwambia, haya mwanangu, lirudishe nyuma trela hili mpaka pale ukutani. Kijana akasimama na ufunguo mkononi. Hajawahi kurudisha trela nyuma maishani mwake. Lori aliloegemea kwenye ile picha lilikuwa limekufa siku nyingi, halina hata betri.

Alikuwa amelipa shilingi 48,000. Mamake aliuza cherehani.

Tunaandika haya tukiwa na hasira, wala hatutaomba radhi. Si wa kwanza huyu. Tulipouliza hapa na pale, kila mtaa una wake: Kisauni, Likoni, Bangladesh, Majengo. Ikawa ni kama kupiga mzinga wa nyuki. Na wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu, kwa sababu ya haya. Mtu akiibiwa simu anapiga kelele mtaa mzima, lakini akiibiwa ada ya masomo anajiona ni yeye mjinga, ananyamaza, na yule broka anaendelea kula wengine.

Kuna watakaosema: nyinyi si watu wa haki za Waislamu, mambo ya shule za udereva yanawahusu nini? Shughulikieni waliokamatwa na waliopotea. Sawa, hayo tunayashughulikia na hatutaacha. Lakini hebu tujiulize, kijana anayezolewa kwenye msako huwa anazolewa wapi? Huwa barazani, saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwa sababu hana pa kwenda. Katiba ya 2010, ibara ya 55, inaiamuru serikali ihakikishe vijana wanapata mafunzo yanayofaa na nafasi za kazi. Hiyo ni haki kama zile nyingine. Na haki ikiibwa na mtu mwenye kibanda na muhuri bado ni haki iliyoibwa.

Tena hili la malori lina historia yake hapa kwetu, msisahau. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba makasha yote yapandishwe reli ya SGR, mji huu ulikufa tukiuona. Yadi zilifungwa, mafundi wa matairi wakahamia kwengine, mama ntilie wa Miritini na Mazeras wakapindua sufuria. Jumatatu baada ya Jumatatu watu waliandamana, na vijana wetu walikuwa mbele wakila moshi wa vitoa machozi. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaibatilisha amri ile. Septemba 2022 rais mpya alipoapishwa akatangaza kazi ya kutoa mizigo inarudi bandarini. Alhamdulillah. Malori yakarudi barabarani.

Sasa simama pale Changamwe saa za jioni uhesabu. Trela moja, mbili, kumi, hamsini, zinateremka na kupanda. Halafu tizama ndani ya kichwa cha trela, nani ameshika usukani. Wangapi ni wa mtaa wako? Tuliandamana malori yarudi, yakarudi, na sisi tukabaki kando ya barabara tukiyapisha.

Hapa ndipo watu wanapenda kusema: ni ubaguzi, wanaajiri watu wao. Ubaguzi upo, hatuukatai, tumeuandika hapa mara nyingi na tuna majalada yake. Lakini tusiufanye ubaguzi kuwa mto wa kulalia. Tulipokwenda kuwauliza wenye yadi (na wengine wao ni Waislamu wenzetu, tutawafikia), jibu lilikuwa moja: bima. Kampuni ya bima haimkubali dereva wa trela asiye na leseni ya daraja lile na miaka ya uzoefu inayotakiwa. Ukimkabidhi kijana asiye na karatasi trela la mamilioni, likipinduka Maungu, hulipwi kitu. Kwa hivyo kijana wetu anapofika na cheti cha bahasha ya kaki, yule anayetaka kumbagua hata hahitaji kumbagua. Amerahisishiwa kazi.

Na nani amemrahisishia? Broka na shule yake.

Sikiza wanavyouza. "Toa elfu arubaini na tano, wiki tatu unatoka na BCE." Ukisikia mtu anakuuzia BCE, ondoka hapo hapo. BCE ni herufi za leseni za zamani. Wenye yadi wenye umri mkubwa bado wanaitaja kwa mazoea, na broka anaitumia kwa sababu umeisikia kwa ami yako na unaiona ni jina kubwa. Leseni za sasa za NTSA zina madaraja mengine. B ni gari dogo. C1 ni lori dogo. C ni lori la wastani. CE ndio trela, yani kichwa kinachovuta. Na madaraja haya yanapandwa kama ngazi. Kila daraja lina umri wake wa chini na daraja la kutangulia ambalo lazima uwe umelishika kwa muda. Kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuwa na leseni hata ya Probox hawezi kupewa CE kihalali, si kwa wiki tatu wala kwa miezi mitatu. Anayekuahidi hivyo ana njia mbili tu: ama anakudanganya, utatoka na leseni ya gari dogo, ama anakununulia leseni kwa mlango wa nyuma.

Hiyo ya pili tusiipitie haraka, kwa sababu kuna vijana wanaona ndio ujanja. "Bora nipate karatasi, kuendesha nitajifunza kazini." Kujifunzia kazini, na juu ya nani? Trela la ekseli saba likijaa linaruhusiwa kufika tani 56. Breki zake ni za upepo, na kwenye mteremko mrefu ukizikanyaga kanyaga kama za tuktuk zinapata moto na kukuacha. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani trela lililobeba kontena liliacha njia likaingia kwa watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara na waendesha boda waliokuwa wakingoja wateja. Watu zaidi ya 50 walikufa kwa mara moja. Hatusemi dereva yule alikuwa hana mafunzo, hilo si letu kuamua. Tunasema huo ndio uzito wa kitu unachotaka kukishika kwa karatasi ya kununua. Damu ya watu si ya kujifunzia. Na usidhani siku ya Kiyama utamuonyesha Mola wako broka.

Kuna wazee wetu nao wanasema: sisi hatukwenda shule yoyote, tulianza uturnboi, tukaosha gari, tukabadilisha matairi, tukasogeza gari yadini, dereva akachoka tukashika. Ni kweli, na wallahi baadhi yao ni madereva ambao shule haiwezi kuwatoa. Anajua trela linalia wapi kabla halijavunjika. Uturnboi si aibu, na tunawaambia vijana msiudharau, ni shule ambayo unalipwa badala ya kulipa. Lakini wazee wetu msiwafiche vijana nusu ya pili. Mlishika usukani bila leseni, na mlipofika kwenye kizuizi mlitoa kitu kidogo. Leo leseni ni kadi yenye chipu na namba inatizamwa kwenye simu. Na mkubwa wa yadi naye ana rekodi za bima. Uturnboi bila kupanda ngazi ya leseni ni kubakia turnboi mpaka ndevu zinaota mvi. Tunao wa hivyo. Miaka kumi na tano anapanda Malaba na kushuka, anaijua njia kuliko dereva, na mshahara wake ni posho ya chakula.

Basi kijana afanye nini? Tutasema tulichojifunza kwa kuwasikiliza waliofaulu na walioliwa.

Usianze na shule. Anza na mwajiri. Kabla hujatoa hata shilingi ya nauli kwenda kuona shule, nenda yadi tatu unazotaka kufanya kazi, umuulize mwenye kuajiri, si mlinzi wa geti: mnachukua dereva mwenye daraja gani, umri gani, uzoefu miaka mingapi, na mafunzo ya ziada gani? Waulize shule gani ambazo waliotoka huko hawakuwasumbua. Watakwambia. Wenye magari wanajua sana nani anafundisha na nani anauza karatasi, hawasemi tu kwa sababu hakuna anayewauliza. Ukitoka hapo unajua unanunua nini. Kijana wa bahasha ya kaki alizunguka yadi saba baada ya kulipa. Angezunguka tatu kabla, cherehani ingekuwa bado iko mezani kwa mamake.

Halafu ndio uende shule, na uende siku ya kazi, asubuhi, bila kupiga simu. Kanuni za trafiki za 2020 zinataka shule ya udereva iwe na leseni na mkufunzi awe na leseni yake. Omba kuziona. Akikasirika, ndio jibu. Omba kuliona lori lenyewe la kufundishia. Liko wapi? Linatembea? Lina bima? Waone wanafunzi wakiliendesha kwa macho yako. Kuna shule, na hili tumelishuhudia, ambayo "lori" lao ni picha ukutani, na wanafunzi wote wanasukuma kigari cha plastiki kwenye bodi. Bodi ni muhimu, mtihani unaiuliza. Lakini hakuna kontena linalopandishwa Mazeras juu ya bodi.

Uliza saa. Usiulize wiki wala miezi, uliza saa ngapi mimi mwenyewe nitakuwa nimeshika usukani, ngapi za kurudisha nyuma, na wanafunzi wangapi wanagawana gari moja. Wanafunzi kumi ndani ya lori moja kwa saa mbili maana yake wewe umepata dakika kumi na mbili, na zilizobaki umekaa nyuma unapiga stori. Uliza kama wanafundisha kufunga na kufungua trela, kukagua gari kabla ya safari, kufunga kontena lisichezecheze, kujua uzito kabla hujafika mizani ya Mariakani ukafedheheka. Uliza kama wanafundisha sheria ya saa za kazi. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa 8 za kuendesha ndani ya saa 24. Wengi wenu mtaajiriwa na watu watakaowataka mfike Malaba bila kulala, na msipoijua sheria hii mtadhani kuchoka kwenu ni udhaifu, mtafute muguka wa kuwashikilia macho. Muguka unashikilia macho, haushikilii akili.

Kuhusu kulipa. Lipa kwa namba ya biashara ya shule, sio namba ya mtu binafsi, hata akikwambia mashine ina shida leo. Lipa kidogo kidogo, kwa kadiri unavyofundishwa. Shule inayotaka pesa zote siku ya kwanza na "ofa inaisha leo" inakutaka pesa tu. Andikiana nao: daraja gani, saa ngapi, ada ya mtihani imo au haimo, ukianguka mtihani unarudia kwa ngapi. Hayo ya mwisho ndio mtego mkubwa. Bei ya bandiko ni ndogo, halafu kila kitu ni cha kuongeza: ya karatasi, ya mtihani, ya mafuta, ya "kumuona ofisa". Ya kumuona ofisa usitoe. Akaunti ya eCitizen fungua wewe mwenyewe, kwa simu yako, na neno la siri liwe lako. Broka mwenye neno lako la siri anakushika kama mbuzi mwenye kamba.

Sasa pesa zenyewe zitoke wapi? Hapa tutaudhi watu, na tuudhi.

Njia ya haraka ni mkopo wa simu. Kijana anachukua app hii, akilipa ile, anachukua ya tatu kulipa ya pili. Hustler Fund ya serikali nayo, iliyoanza Novemba 2022, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Watu wakasema ni ndogo. Ndogo kwa nani? Riba haikuharamishwa kwa wingi wake. Vijana wengi wa Kiislamu waliikwepa kwa imani yao, na tunawaheshimu kwa hilo. Lakini tukishamwambia kijana riba ni haramu, tumempa nini badala yake? Khutba nzuri. Anatoka msikitini na khutba yake, mfukoni hana kitu, na broka anamngoja nje.

Benki za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008. Zinajua kununua nyumba kwa murabaha, zinajua kumnunulia tajiri malori kumi na yeye akazilipa polepole. Lori zinalijua, dereva hazimjui. Kwa nini hakuna benki hata moja kati yao iliyokuja kwetu na mpango wa halali wa kumlipia kijana ada ya shule inayojulikana, moja kwa moja kwa shule, naye akalipa kidogo kidogo akishaajiriwa? Dhamana iko hapo hapo: yule yule tajiri wa malori kumi ni mteja wao. Mkutanisheni na kijana.

Na zaka. Kila Ramadhani kamati zetu zinagawa unga, mchele, mafuta ya kupikia na tende. Allah awalipe, wenye njaa wamekula. Lakini tumegawa unga kwa nyumba zile zile miaka ishirini, na mtoto aliyekuwa akija kubeba ule mfuko sasa ana ndevu na bado anakuja kubeba mfuko. Sisi wa pwani tunajiita watu wa madhehebu ya Imam Shafi. Basi mfungueni Imam Nawawi kwenye Al-Majmu', mlango wa zaka, mtamkuta ananukuu wanachuoni wa madhehebu wakisema mtu mwenye ufundi apewe cha kununulia zana za kazi yake, ziwe rahisi au ghali. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Anas ile hadithi ya Ansari aliyekuja kuomba: Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akaviuza vitu viwili alivyokuwa navyo nyumbani, tandiko na bakuli, kwa dirhamu mbili, moja akale na watu wake, moja akanunue shoka, akamtuma akakate kuni, na baada ya siku kumi na tano akarudi na dirhamu kumi. Tunaijua sote, tunaisoma kila mwaka. Shoka la leo pale Changamwe ni leseni ya C1. Kamati gani ya msikiti imenunua shoka?

Msituambie zaka haitoshi. Mwaka huu mmoja tu, mtaa mmoja tunaoujua, harusi tatu zilichangiwa pesa ambazo zingewafunza vijana wanane, na maharusi wa harusi moja washaachana. Hatuko dhidi ya harusi. Tunahesabu tu.

Wa tatu wa kuulizwa ni wenye yadi. Kila mwajiri Kenya anatakiwa kulipa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaokwenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Yadi yenye wafanyakazi 200 inalipa shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Na sheria inamruhusu mwajiri anayewafunza wafanyakazi wake kwa mafunzo yaliyoidhinishwa aombe kurudishiwa gharama kutoka mfuko huo. NITA wana kituo chao hapa hapa Mombasa. Yani tajiri ana mfuko tayari wa kumpandisha turnboi wake ngazi, ni kuomba tu, na haombi. Kwa nini aombe, na kuna kijana wa Mikindani ambaye mamake atauza cherehani? Mmetupia maskini gharama ya kuwatayarishia nyinyi madereva, halafu mkasema hawana uzoefu. Uzoefu wataupata wapi, kwenye ndoto? Mnataka dereva wa miaka mitatu, na hakuna hata mmoja wenu anayetaka kuwa mwaka wa kwanza wa mtu.

Na nyinyi wenye yadi Waislamu, mnaokaa safu ya mbele Ijumaa na turnboi wenu yuko safu ya mwisho na ovaroli lake: tunawaheshimu, na tunawauliza hilo hilo kwa sauti zaidi.

Wanasiasa tutawapitia haraka. Wakati wa kampeni wanalipia vijana mia masomo ya udereva, picha zinapigwa, tisheti zinagawanywa. Ni B au ni pikipiki. Halafu vijana mia wanatoka na leseni ya gari dogo kwenye mji ambao kila nyumba ina mwenye leseni ya gari dogo anayetafuta kazi ya Uber. Afadhali walipie kumi mpaka CE, mwaka baada ya mwaka, lakini kumi hawajazi uwanja.

Wala usiuze kiwanja cha marehemu babako ukampa wakala wa Ghuba anayekuahidi udereva wa trela Saudia kwa mshahara wa kukufumba macho. Wakala lazima awe amesajiliwa na mamlaka ya ajira ya taifa, NEA, na jina lake unaweza kulitizama mwenyewe kabla hujampa chochote. Tena leseni yako ya hapa haimaanishi utaendesha kule, mara nyingi utafanyiwa mtihani upya. Wapo waliokwenda kama madereva wakajikuta wanapakua. Kama huku hukufunzwa kikweli, kule hutafunzika kwa miujiza.

Dada mmoja alituuliza kwa ujumbe: na sisi? Ndio, na nyinyi. Swali lake la safari ya usiku na mahram ni la kweli, na jibu lake liko kwa shekhe wake na wazazi wake, sio kwetu. Lakini si kila trela linakwenda Malaba. Kuna kazi za kuzungusha kontena kati ya bandari na yadi, asubuhi mpaka alasiri, na jioni uko nyumbani. Leseni haiulizi jinsia.

Na suala la kitambulisho halijaisha. Bila kitambulisho hupati leseni ya mwanafunzi, hufungui eCitizen, hulipwi. Februari 2025 rais alitangaza kaskazini mashariki kwamba ule usaili wa kibaguzi wa kutoa vitambulisho umefutwa. Ukiambiwa ulete cheti cha babu yako, andika jina la ofisi na tarehe, utuletee.

Kwa waliokwisha kuliwa: nyamazeni basi kwa Mungu wenu, lakini msinyamaze kwa broka. Ipo mahakama ya madai madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, unasimama mwenyewe kwa Kiswahili chako, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi. Ile bandiko la "wiki tatu BCE" ni ushahidi, ukiwa umelipiga picha. Ile picha ya lori lisilo na betri nayo ni ushahidi, manake inaonyesha walikufundishia nini.

Kijana wa bahasha ya kaki tumekaa naye Jumanne tukaandika madai yake, ukurasa mmoja na nusu. Alitaka kuandika "naomba nirudishiwe kwa hisani yenu". Tukamfutia hilo. Tukaandika anadai shilingi 48,000 na gharama za kesi. Yule mzee wa yadi ya tatu, aliyempa ufunguo, ameridhia kusimama shahidi, na amemwambia aje Jumatatu kuanza uturnboi. Safari ya kwanza ni mpaka Voi na kurudi. Madereva wakisimama Mackinnon Road kuswali na kumuombea dua Sayyid Baghali Shah, mabishano yenu ya hilo yawekeni nyumbani, gari lina ratiba.

Wenye risiti, ujumbe au picha kama zake, ofisi iko wazi kila siku baada ya Adhuhuri, isipokuwa Ijumaa. Kamati za misikiti tumewaandikia barua, kumi na moja kwa idadi. Majina ya zitakazojibu tutayaweka hapa, na ya ambazo hazitajibu pia tutayaweka.